Mbuna wa Malawi, wa Tanganyika ama fulu wetu: nani anapendeza kwa tangi?

Kijana58 (Nakuru): Wasee niaje. Fundi wa vioo ameniundia tangi ya samaki ya lita 200 hivi, sasa nataka samaki wa rangi kali na sijui nianzie wapi. Kuna mbuna, wale wa mawe wa Ziwa Malawi, niliona dukani, kuna wale wa Ziwa Tanganyika, alafu jamaa mmoja akaniambia ati hata fulu wa Kisumu ni familia moja na hao. Fulu kweli? Hawa wa kukaushwa juani? Nilicheka. Maji yangu ni ya kisima, yale ya huku yenye floraidi mpaka meno yanageuka brauni.

MamaFilta (Kakamega): Anza na mbuna bila maneno mingi. Labidochromis wa njano, dume na jike wote njano, so hakuna kuuziwa rangi alafu ubaki ukiangalia kijivu. Lakini mi napenda saulosi, mbuna mwingine. Wadogo wote ni njano, wakikua dume anageuka bluu na mistari myeusi, yani umenunua aina moja umepata rangi mbili. Shida ni ukorofi tu, jaza mawe wajifiche, na usiwazoeshe minofu, hao kwao hukwangua mwani kwa mawe. Maji ya chumvichumvi hayawasumbui.

tangikubwa: Tanganyika ni umbo si rangi. Frontosa ana nundu kwa paji na mistari mipana, mzuri sana, lakini anapita sentimita 30, hiyo tangi yako ni bafu yake. Ama chukua wale wa kuishi ndani ya maganda ya konokono, sentimita 4 ama 5, rangi hakuna ila vituko kila saa.

JaDunga (Kisumu): Omera umecheka fulu kwa sababu umemjua akiwa amekufa. Samaki huyu akitoka majini rangi inazima, akifika kwa beseni ya sokoni ni kijivu tu na hapo ndipo sisi wote tulimkutia. Mwangalie akiwa hai, dume mwenye eneo lake. Kuna mmoja wa upande wa Mwanza anaitwa Pundamilia nyererei, ndio, jina la Mwalimu, mgongo mwekundu kama makaa, ubavu njano na mistari myeusi. Ndugu yake Pundamilia pundamilia ni wa bluubluu na anakaa juujuu, huyu mwekundu anakaa chini zaidi, kwa sababu kwa maji ya tope mwanga wa bluu unapotea haraka mwekundu ndio unafika. Jike huchagua dume kwa rangi, sasa maji yakichafuka sana hawatofautishi tena, wanazaana ovyo mpaka aina mbili zinakuwa moja. Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za fulu alafu mbuta, yule sangara mkubwa anayekula wenzake, akaletwa miaka ya 50, kufika miaka ya 80 amefagia nyingi. Kwa hivyo usituchekee fulu.

Kijana58 (Nakuru): Haki sikujua, pole. Na jike wa huyo mwekundu yukoje?

JaDunga (Kisumu): Kijivu njano, hata hutageuka kumwangalia 😂 Na dume akipigwa na mwenzake anafifia pia, anabaki kama jike. Ndio maana usiweke aina mbili za fulu pamoja, majike wanafanana na utapata machotara.

ticha_wa_bayo (Siaya): Angalia pezi la chini nyuma, dume huwa na madoa ya njano kama mayai. Jike akishayadaka mayai yake mdomoni huyafuata hayo madoa akidhani ameacha mengine, hapo ndipo yanarutubishwa. Mbuna wengi pia hivyo hivyo. Na mkipita Yala, kwa ziwa dogo la Kanyaboli bado kuna fulu, na ngege (tilapia) wa zamani pia.

MamaFilta (Kakamega): Sawa JaDunga umeshinda kwa hadithi, lakini huyo kijana atawatoa wapi fulu hai leo? Saulosi wako dukani.

Kijana58 (Nakuru): Naanza na saulosi 12. Fulu ni tangi ya pili, ingawa mama watoto amesema hiyo ya pili nitalala nayo nje.

JaDunga (Kisumu): Mwambie hawa wakikushinda mnakaanga.