TUPEANE UZOEFU: "out", "off" na "away" za Kiingereza zilivyowahi kukuumbua

Mwana_Mwanga
Mwakeye wakuu. Leo nimecheka peke yangu kwenye bajaji kutoka Gungu mpaka dereva akanigeukia. Dogo wa nyumbani alituma maombi ya kazi kwa imeili kwenye shirika moja hapa Kigoma, hata dakika haijaisha akajibiwa "I am out of office until 14th". Akaja mbio kwa mama kanyong'onyea, eti yule mama wa ajira katolewa ofisini, kafukuzwa, kwa hiyo barua yake ndo imekufa hivyo. Mama naye akaanza kumsikitikia mtu asiyemjua, "maskini, sijui ana watoto wangapi". Nikawaambia jamani hiyo ni kompyuta inajibu yenyewe, mwenye ofisi yuko likizo, tarehe 14 anarudi. Ila nikikaa nikifikiria dogo hajakosea kihivyo, maana mwanasiasa akiwa "out of office" kweli kaangushwa, hana cheo. Maneno yaleyale, mmoja yuko kwao anakula mgebuka, samaki wetu wa ziwani, mwingine ndo basi tena. Haya leteni za kwenu, tusichekane peke yetu.

Tochi_ya_Usiku
Yangu nusura inile kazi. Nilikuwa nalinda godauni moja barabara ya Kasulu, usiku king'ora kikalia, nikazunguka na tochi yangu pande zote nne nikakuta popo tu kaingia, nikaandika kwenye daftari nikaendelea na zamu. Bosi mzungu akaandika ripoti yake, "the alarm went off at 3". Karani aliyetafsiri kwa ajili ya kikao akaweka "king'ora kilizimika saa tatu". Asubuhi naitwa, nani kazima king'ora? Nashangaa, king'ora kililia mpaka majirani wakaamka, nani kakizima tena? Alafu saa tatu mi hata sijaingia zamu, naingia saa nne, kwa hiyo akaitwa na mwenzangu wa jioni naye akaanza kutoka jasho kwa kitu asichokijua. Tumekaa pale karibu saa nzima mpaka bosi mwenyewe akaja ndo ikajulikana "went off" ya king'ora ni KULIA, na ile 3 yao ya usiku ni saa tisa yetu. Makosa mawili kwenye sentensi moja na karani hata samahani hakusema. Taa iki"go off" inazima, king'ora kiki"go off" kinalia, sasa mtu ujifunzeje hapo?

Binti_Isevya
Mwangaluka. Mi nesi, Tabora huku. Sisi wote kazini tunasema "kesho nina ofu", "yuko ofu", imeshakuwa Kiswahili hiyo. Sasa tukaletewa daktari wa kujitolea kutoka Uingereza, siku ya mapumziko yangu akanitumia meseji niko wapi, nikajibu kwa kujiamini kabisa "I am having an off day". Wee! Jioni kaja mpaka nyumbani na ndizi na juisi, kakaa ananiangalia kwa huruma, ananiuliza kama nataka kuongea. Mi nafua zangu nguo. Kumbe "day off" ndo mapumziko, ukigeuza ikawa "off day" unamwambia mtu siku yako imeenda vibaya, kila unachoshika kinaharibika. Ndizi nilikula lakini.

Kapteni_Kibirizi
Hii ya kwangu ilinimalizia mafuta ya boti. Napeleka wageni Gombe, siku hiyo nilikuwa nawapokea wageni waliopanda boti ya mtu mwingine kutokea kusini, tukutane Kibirizi. Meseji ikaja "we are just off Ujiji". Mi najua "we are off" ni tumeondoka, si ndo wanavyosema wakiaga? Nikajua wameshaondoka Ujiji, wako njiani, nusu saa haitaisha watakuwa wamefika. Nikakaa. Saa nzima. Saa mbili. Nikatoka kwenda kuwatafuta nikawapita maana nilikuwa naangalia mbali. Kumbe injini imezima, wanaelea palepale majini mbele ya Ujiji, wananiona napita wanapunga kofia, mi nadhani wavuvi wananisalimia nami nawapungia. Yaani "off Ujiji" ni majini karibu na Ujiji, hawajaenda popote.

Mwl_Mstaafu_Ujiji
Kapteni pole, umenivunja mbavu. Vitabu vyao ndivyo vinavyosema, wakiandika meli ilizama "off" mahali fulani maana yake ilizama majini, karibu na pwani ya hapo. Hata meli yetu ya Liemba, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 na Waingereza wakaja kuiibua 1924, ukisoma habari zake kwa Kiingereza hiyo "off" utakutana nayo. Zamani "off" na "of" lilikuwa neno moja, lenye maana ya kutoka kwenye kitu, baadaye wakaligawa mawili.

Nilikuwa nawafundisha wanafunzi hivi. Mtu akiwa "out" alikuwa ndani, katoka, mngoje maana anarudi. Akiwa "away" yuko mbali, yuko Mpanda huko au Dodoma, usimngoje leo. Akiwa "off" hayuko zamu hata kama umemkuta kakaa pale mlangoni anakunywa kahawa. Wao kazi yote wameibebesha kineno kidogo baada ya "is". Sisi tunaibebesha kitenzi, katoka, kasafiri, kapumzika. Ndiyo maana mtoto akitafsiri neno kwa neno anakwama.

Binti_Isevya
Mwalimu shikamoo. Na hizi hayupo, hayuko, hayumo zetu je, si ndo hizohizo?

Mwl_Mstaafu_Ujiji
Marahaba mwanangu. Hapana, hizo zinasema mahali asipokuwepo, hapa, huko au humo ndani. Kama anarudi saa ngapi hazikuambii, ndiyo maana ukimjibu mtu "hayupo" lazima aulize "kaenda wapi?"

Miembe_Town
Hahaha mwalimu umenikumbusha. Nilikuwa mapokezi kwenye zahanati moja Tabora, mgeni wa kizungu aliandika kibao "the doctor is out", nami nikakisomea wagonjwa kwa sauti, "daktari yuko nje". Wazee wakatoka wote wakaenda kumtafuta kwenye miembe! Mmoja akarudi kunigombeza, "we kijana nimezunguka miti yote, daktari gani huyo". Daktari kaenda kula. Na wengine walivyosikia "nje" walijua yuko Ulaya anasoma, wakaondoka kabisa, hao mpaka leo sijawaona.

Dogo_wa_Mwandiga
Mi choo cha gesti kimeandikwa "out of order" nikajua wanakataza utovu wa nidhamu, kama vile bungeni mbunge anavyoambiwa yuko nje ya utaratibu. Nikaingia kwa adabu kabisa, kumbe wanasema choo kibovu. Sitaki kusema kilichofuata.

Mama_Migebuka
Mi nina mgahawa karibu na ziwa. Mzungu Mwingereza kaagiza mgebuka, kaonja, kaniambia kwa upole "I think the fish is off". Sasa wiki ile ile mwenzake alinifundisha kuandika kwenye ubao "fish is off" siku samaki wakiisha, wakati wa mbalamwezi si mnajua wavuvi hawaendi. Kwa hiyo mi nikaelewa ananiuliza kama wameisha. Nikamwambia hapana baba wapo wengi, nikamletea mwingine mkubwa zaidi, kutoka ndoo ileile. Akaonja, akaniambia "this one is off too". Nikamletea wa tatu.

Tochi_ya_Usiku
🤣🤣 Mama kumbe anakwambia wameoza!

Mama_Migebuka
Si nimekuja kujua jioni, mwanangu wa sekondari aliponiambia. Neno moja, samaki kaisha na samaki kaoza, sasa mtu unajuaje?

Mwana_Mwanga
Mama, alilipa lakini?

Mama_Migebuka
Alilipa wote watatu na asante juu. Kesho yake akaagiza mayai.