Tupeane uzoefu: Dhambi uliyoitubu Jumapili, Jumatatu ikakupokea kituoni

Fundi Mkimya:
Wapendwa, jana ibadani imesomwa Warumi 7, pale Paulo anapokiri kwamba jema analolipenda halitendi, baya asilolipenda ndilo analolitenda. Nikainamia viatu vyangu. Mwaka wa nne huu naombea hasira. Natoka kanisani nimejaa upako, kufika Ubungo konda kanipunja chenji mia mbili. Matusi yaliyonitoka hata yeye alishika mdomo, na Biblia ninayo kwapani. Ninyi yenu ni ipi? Tusihukumiane.

Binti Pugu:
Makonda wametumwa. Nakuunga mkono.

Mama Ushuhuda:
Yangu umbea, na nauvalisha nguo ya maombi. Jumuiya nasema "tumwombee dada fulani, ndoa yake inapita pagumu", na kabla hatujafika Baba Yetu watu wanne wameshajua mumewe analala wapi. Mungu anisamehe, ila habari yenyewe ilikuwa kweli.

Mzee wa Kimara:
Mimi Kwaresima moja niliapa sigusi bia. Katekista akanifafanulia kuwa toka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili 6 ndiyo unapata 40. Basi Jumatatu hadi Jumamosi nafunga kwa uaminifu, Jumapili nakunywa ya wiki nzima. Mke wangu akasema bora ungekunywa kidogo kidogo.

Kisu Butu:
Nilitaka nipite kimya, ila hiyo ya Biblia kwapani imenigusa. Mimi kubeti. Nilikuwa mhazini wa kwaya, kanisa moja huku Tabata, tunachangishana sare za Pasaka. Hela zinakaa kwenye simu yangu, naandika kwenye kaunta buku, aliyelipa namwekea tiki nyekundu. Zikafika 640,000. Usiku mmoja nikachukua elfu kumi tu, asubuhi narudisha. Mkeka, yaani tiketi yangu ya kubeti, ukachanwa na timu moja, dakika za nyongeza. Nikaweka ishirini kuikomboa kumi. Siku ya tisa salio lilikuwa 3,400.

Na nilikuwa naomba, jamani! Saa tisa usiku nipo magotini nakemea roho ya kamari, nikisema amina mkono unapapasa simu palepale kwenye shuka. Mwisho nikawa nauombea mkeka wenyewe: "Bwana, huu mmoja tu, nikurudishie hela yako."

Ijumaa ya mkesha ndipo palipoharibika. Fundi wa Kariakoo ameshapiga simu, anataka nusu akachukue vitambaa. Mwenyekiti ananiita nisome taarifa. Kuna mama mjane anauza vitumbua, yeye alilipa kwa sarafu, za mia na za mia mbili, amezifunga kwenye pindo la khanga, fundo lenyewe linanukia mafuta. Yupo benchi la mbele ananitabasamia. Nafungua daftari, naona tiki yake. Mate yamekauka. Nikasema, "Hela nimekula." Spika zikaipeleka mpaka kwa bodaboda waliopaki nje. Nilitengwa, na siku ya kurudi kundini nilisimama mbele ya watu walewale.

Mama Ushuhuda:
Yesu wangu. Mimi nirudi kwenye umbea wangu, ni mdogo.

Mtumishi Moto:
Hiyo ni roho. Ilitaka siku tatu kavu, bila maji. Hukufunga vizuri.

Fundi Mkimya:
Afunge siku tatu huku simu janja iko mfukoni? Anunue kitochi.

Binti Pugu:
Ungekuwa kwetu ungeingia kwenye kitubio, ukamwambia padri, bodaboda wasingejua.

Mtumishi Moto:
1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja. Padri naye ana zake.

Binti Pugu:
Na Yohana 20:23 mliichana? Padri anafunga mdomo mpaka kaburini. Ninyi mnashuhudia mpaka jirani anajua namba ya siri ya simu.

Mzee wa Kimara:
Acheni. Hata huyo padri angemwambia hela irudi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, kwa hiyo Kisu Butu piga hesabu, ni 2,560,000.

Kisu Butu:
Mzee utaniua.

Swahiba wa Magomeni:
Mimi Muislamu napita tu. Kwetu nako Ramadhani mikeka inapungua, mwezi wa Idi ukiandama vijana wanarudi na kiporo cha siku zote thelathini.

Mtumishi Moto:
Swahiba karibu kwa Yesu.

Swahiba wa Magomeni:
Nimesema napita.

Binti Pugu:
Mtumishi hujanijibu Yohana 20:23.

Mama Ushuhuda:
Kisu Butu, yule mama wa vitumbua ulimlipa?

Kisu Butu:
Nilianza na yeye. Nilikwenda asubuhi, yupo jikoni kwake barazani, nikampa noti. Alifuta mikono, akahesabu mara mbili, akasema imezidi mia tano. Nikamwambia akae nayo. Akakataa, akanifungia vitumbua vya mia tano kwenye gazeti. Mwenyekiti bado namdai msamaha, hajaniangalia usoni mpaka leo.

Mzee wa Kimara:
Na laini ya simu umempa mkeo?

Kisu Butu:
Anayo. Nauli ya leo nimeomba.