Baiskeli ya mlimani kwenye njia za kando ya mito na mifereji: tuanze vipi?

Mtulivu:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu tuna baiskeli mbili za mlimani, lakini nia yetu si kushuka makorongo wala kuruka mawe. Tunachokitamani ni kuendesha taratibu mashambani, tukifuata kingo za mito na zile njia zinazopita kando ya mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua, tupumzike tunapotaka na turudi jioni tukiwa bado na nguvu ya kuzungumza. Kabla hatujapanga safari, naomba msaada kwa mambo matatu. Je, baiskeli ya mlimani inafaa kwa njia tambarare, au tutakuwa tunasukuma uzito wa bure? Mtu ambaye hajapanda baiskeli kwa miaka mingi aanze na umbali gani? La tatu ndilo linalomsumbua mke wangu, kwa kuwa hajui kuogelea: njia hizi ziko karibu na maji kiasi gani, na mtu anajikinga vipi asitumbukie?

Fundi wa Rimu:

Ndugu Mtulivu, nianze na baiskeli yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hushauriwa vibaya na kuambiwa wauze walichonacho wanunue kingine. Inafaa, tena inafaa sana. Njia nyingi za kando ya mifereji ya zamani hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli, bali kwa ajili ya farasi na nyumbu waliovuta mashua kwa kamba kabla ya kuja kwa injini, na ni tambarare kwa kuwa maji ya mfereji hayana budi kulala sawa kati ya lango moja na jingine. Mwinuko hujitokeza pale tu penye malango ya maji, ambapo mashua hupandishwa au kushushwa kutoka kimo kimoja hadi kingine. Mtapanda mita mbili tatu, kisha njia inalala tena. Mfereji wa Chesapeake and Ohio nchini Marekani, unaofuata mto Potomac kutoka Cumberland hadi Washington, una urefu wa kilomita 297 na malango 74, na bado tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho wake ni mita 184 tu.

Hata hivyo, njia tambarare si lazima iwe laini. Mtakutana na changarawe, udongo, mizizi, na karibu na malango mara nyingi kuna mawe ya kupangwa au mistari ya matofali iliyoinuliwa ili kwato za farasi zisiteleze. Hapo tairi pana la inchi mbili na ushee hukupa utulivu ambao tairi jembamba la barabarani haliwezi kukupa, mradi usilijaze upepo mpaka likawa gumu. Kwa mtu wa kilo 75 hivi, mwenye tairi la inchi 2.1 lililo na tyubu, mimi hujaza paundi 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba, na kwa mtu mwepesi hupunguza kidogo. Ukipunguza mno, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe ikatoboka. Kama springi za mbele zina kifungio, zifungeni kwenye changarawe laini ili nguvu ya miguu isipotee bure, na mzifungue mizizi inapoanza.

Jambo ambalo wageni wa njia hizi hawalitarajii ni uchovu wa tambarare. Mlimani unapanda kisha unashuka, na katika kushuka mwili hupata nafasi ya kubadili mkao. Kando ya mfereji hakuna mteremko wa kukubeba, kwa hiyo unakanyaga pedali saa nzima ukiwa umekaa namna ile ile, na kinachouma kwanza si mapaja bali ni makalio, viganja na shingo. Rekebisheni kiti kabla ya yote: ukiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ili utakapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo goti libaki limekunjika kidogo. Inueni usukani ikiwezekana. Simameni juu ya pedali kila baada ya dakika chache hata kama hamjachoka, na mchague gia ya kati inayoruhusu miguu kuzunguka kwa wepesi, kama mizunguko 70 kwa dakika, badala ya gia nzito inayowalazimisha kusukuma kwa magoti.

Kuhusu umbali, kilomita 15 hadi 20 kwenda na kurudi zinatosha kwa siku za mwanzo. Anzeni kwa kuelekea upepo unakotoka, kwa sababu mahali pasipo vilima upepo ndio unaoamua ugumu wa safari, na ni afadhali uwasukume wakati wa kurudi.

Mwana wa Mto:

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila kwenye umbali ningeongeza kwamba aina ya ardhi ni kipimo muhimu kuliko kilomita. Njia ya mto Danube kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna ina zaidi ya kilomita 300, lakini sehemu kubwa ni lami na ukiifuata kuelekea Vienna unakwenda mto unakoelekea, kwa hiyo kilomita 40 za huko zinaweza kuwa nyepesi kuliko 20 za mahali pengine. Mfereji wa Canal du Midi kusini mwa Ufaransa, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, hufundisha jambo hilo ndani ya safari moja: ukitoka Toulouse unapita kwenye njia iliyosakafiwa vizuri kwa kilomita zipatazo 50, na baada ya hapo inageuka kuwa changarawe, udongo na mizizi ya miti mikubwa iliyopandwa kingoni. Hapo ndipo mwenye baiskeli ya mlimani hufurahia tairi zake.

Mtofautishe pia mto na mfereji. Kimo cha maji ya mfereji husimamiwa na watu, na njia yake kwa kawaida hubaki pale pale mwaka mzima. Mto hauna msimamizi wa namna hiyo. Mvua ikinyesha mbali sana huko juu, njia ya kingoni inaweza kufunikwa huku juu ya vichwa vyenu jua likiwaka, na hata maji yakishapungua huacha tope linaloteleza na kingo zilizomegwa kwa chini, ambazo kwa macho zinaonekana imara. Kwa safari za kwanza, mimi ningechagua mfereji.

Bi Kingoni:

Kaka Mtulivu, mpe shemeji yangu pole kwa hofu yake, na umwambie kwamba hofu hiyo ni ya busara. Mahali pengi njia iko hatua moja au mbili kutoka majini, bila uzio. Kinga kubwa ni macho: baiskeli huenda unakotazama, na anayeyakazia macho maji kwa kuyaogopa hujikuta anayasogelea. Atazame njia mita kumi na zaidi mbele yake, aendeshe upande ulio mbali na maji, na atumie pedali za kawaida zisizoshika kiatu ili aweze kuweka mguu chini mara moja.

Sehemu za kushuka na kusukuma baiskeli hazina mjadala kwangu. Ya kwanza ni chini ya madaraja, ambako njia hubana sana, dari iko chini, na usukani mpana wa baiskeli ya mlimani unaweza kugonga ukuta na kumrusha mtu majini. Ya pili ni kando ya malango, kwa kuwa mifereji mingi ya zamani ya Uingereza kina chake hakimzidi mtu mzima kichwa, lakini chumba cha lango ni kirefu kwenda chini, kuta zake ni laini, na kutoka humo ni kazi ngumu hata kwa muogeleaji.

Kumbukeni pia kwamba wenye haki ya kwanza katika njia nyingi za namna hii ni waendao kwa miguu. Pigeni kengele mapema, mpunguze mwendo, na mwangalie wavuvi wa ndoano ambao fimbo zao ndefu hulala katikati ya njia. Ninasisitiza sana usafi wa mikono: maji yaliyotulia yanaweza kuwa na vimelea vya homa ya mgunda vinavyotokana na mkojo wa panya, ambavyo huingia mwilini kupitia michubuko, macho na mdomo. Funikeni kila kidonda, na mnawe kwa maji safi kabla ya kula.

Mtulivu:

Ninawashukuru sana. Mke wangu amesoma yote na amekubali sharti la kushuka kwenye madaraja na malango. Swali letu la mwisho ni hili: tukipata pancha mashambani, mbali na fundi yeyote, tuwe tumebeba nini?

Fundi wa Rimu:

Bebeni tyubu mbili za akiba zinazolingana na ukubwa wa tairi zenu, vijiti vya kutolea tairi, viraka na gundi, pampu ndogo, na spana za kufungulia magurudumu kama hayana kifungio cha mkono. Pancha za njia hizi nyingi husababishwa na miiba, hasa ua wa kingoni ukiwa umetoka kupunguzwa, kwa hiyo kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote mpaka uupate mwiba na kuung'oa, la sivyo tyubu ya pili itatoboka kabla hamjafika lango linalofuata. Mkiona ua uliokatwa karibuni na vijiti vimetapakaa njiani, shukeni mzibebe baiskeli mpaka mpite.