Jimbo la 18 la Texas: miezi kumi bila mbunge, halafu mnatuuliza kwa nini watu wetu hawapigi kura

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa.

Jumapili baada ya ibada, wakati wa chai, kaka mmoja alisimama akatusema sisi tuliokwisha kupata uraia wa Marekani. Tumelala, hatupigi kura, kazi yetu kumlalamikia Trump kwenye makundi ya WhatsApp. Watu wakaitikia. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wazee, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani mikono ilikuwa inanitetemeka kwenye usukani. Mimi nilipiga kura. Mke wangu alipiga. Novemba 2024 tulipanga foleni tukamchagua mbunge, akashinda. Leo ni katikati ya Januari 2026 na mbunge hatuna. Hatuna tangu tarehe 5 Machi mwaka jana. Huyo kaka anataka tupige kura ipi nyingine?

Nieleze kidogo kwa msioishi huku. Texas ina viti 38 katika Baraza la Wawakilishi la bunge la Marekani, kule Washington. Kila kiti kina eneo lake, wenyewe wanaita wilaya, sisi kwetu tungesema jimbo la uchaguzi. Kwa hiyo nikisema jimbo la 18 ndilo hilo, na Texas nitaiita Texas tu tusichanganyane. Jimbo la 18 ni Houston: katikati ya mji, Third Ward, Fifth Ward, mpaka Acres Homes huku kaskazini ninakokaa. Ni watu zaidi ya 760,000.

Na si jimbo la hivi hivi. Barbara Jordan alitoka hapa, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Kusini mwa Marekani kuingia katika Baraza hilo, akaapishwa 1973. Akafuata Mickey Leland, ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki tungepaswa kumjua kuliko tunavyomjua. Tarehe 7 Agosti 1989 ndege yake iligonga mlima Ethiopia akiwa njiani kwenda kwenye kambi ya wakimbizi wa Sudan. Jengo la abiria wa kimataifa pale uwanja wa ndege wa Houston lina jina lake. Wengi wenu mnaosoma hapa mlipita chini ya jina lile na masanduku yenu siku ya kwanza. Mbunge wa jimbo hili alikufa akiwafuata watu wa kwetu wenye njaa, na leo kiti chake kinafanywa kama stuli ya jikoni, anayetaka anaisogeza kwa mguu.

Julai 2024 alifariki Sheila Jackson Lee, aliyekuwa amekikalia tangu 1995. Akaja Sylvester Turner, meya wetu wa zamani. Aliapishwa Januari 3, 2025. Machi 4 alikuwa ukumbini Washington kusikiliza hotuba ya Trump, na Machi 5 akafariki. Mungu amrehemu. Kifo ni kifo, hapo sina wa kumlaumu.

Hasira yangu inaanzia siku iliyofuata.

Katiba ya Marekani inasema kiti kikiwa wazi, gavana anatoa amri ya uchaguzi. Haisemi lini. Gavana wa Texas, Greg Abbott wa Republican, chama cha Trump, alikaa mwezi mzima bila kutamka tarehe. Aprili 7 akatamka: Novemba 4. Miezi minane tangu msiba! Sababu aliyotoa ni kwamba kaunti yetu ya Harris haijui kuendesha uchaguzi, kwa hiyo inahitaji muda wa kutosha kujiandaa. Kulikuwa na siku ya uchaguzi Mei 3 iliyokuwa tayari kwenye kalenda ya Texas. Akaipita.

Sasa tazameni. Aprili 2018 mbunge wa Republican, Blake Farenthold, alijiuzulu kwa kashfa. Gavana huyu huyu alitangaza hali ya dharura ili uchaguzi ufanyike haraka, ukafanyika Juni 30. Februari 2021 Ron Wright, naye wa Republican, alifariki. Gavana huyu huyu, uchaguzi Mei 1. Yaani aliyejiuzulu kwa kashfa, pengo lake lilizibwa chini ya miezi mitatu. Wright chini ya miezi mitatu mpaka duru ya kwanza. Turner, wa chama kingine, Democrat, jimbo la watu weusi na Walatino, miezi minane mpaka duru ya kwanza. Na kwa kuwa walijitokeza wagombea 16 na hakuna aliyevuka nusu, duru ya pili imewekwa Januari 31. Hesabuni wenyewe, inakaribia miezi kumi na moja. Mtu akiniambia hii ni bahati mbaya ya ratiba namwomba anieleze kwa nini bahati hiyo haikuwapata wale wawili.

Kwa nini ilikuwa na maana? Kwa sababu Republican walitoka kwenye uchaguzi wa 2024 na viti 220 dhidi ya 215. Ukiwa na uwiano huo, kila kiti cha Democrat kinachobaki kitupu ni zawadi. Na zawadi yenyewe walikuja kuifungua Mei 22, alfajiri, walipopitisha ule mswada mkubwa wa Trump wa kodi na matumizi. Kura 215 kwa 214. Kura moja! Siku hiyo viti vitatu vya Democrat vilikuwa wazi kwa vifo: Turner, Raúl Grijalva wa Arizona, na Gerry Connolly wa Virginia aliyefariki siku moja kabla. Kwenye Baraza lile kura zikifungana mswada umeanguka. Najua kuna atakayesema kwamba wabunge wawili wa Republican nao hawakupiga kura asubuhi ile, na wangehitajika wangetafutwa. Sawa, wangetafutwa. Wangebanwa, wangelazimika kumpa mtu kitu, pengine wangelegeza kipengele kimoja. Ndiyo kazi ya mpinzani bungeni, hata anaposhindwa anamgharimu mwenzake. Sisi wa jimbo la 18 hatukumgharimu mtu hata senti.

Na mswada ule ulikuwa na nini ndani? Hapa nisikilizeni vizuri, maana ni mambo yetu, si ya Washington.

Kuna mama mmoja kutoka Bukavu tunayesali naye. Alifika mwaka 2024 kama mkimbizi, kihalali kabisa, amehojiwa na kuchunguzwa miaka na miaka akiwa kambini. Ana watoto wanne. Alikuwa na kadi ya chakula, ile ya SNAP. Sheria iliyosainiwa Julai 4 imewaondoa wakimbizi kwenye SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu, na karatasi zake za Green Card bado ziko foleni. Yaani mtu amekimbia risasi, serikali yenyewe imemleta kwa ndege, halafu serikali hiyo hiyo inamwambia chakula cha wanao subiri karatasi. Sasa hivi akina mama wa kanisani wanamchangia mchele na maharage kwa zamu. Anashukuru mpaka unaona aibu. Hajui kura ni moja iliyopungua, na mimi sijapata moyo wa kumweleza.

Halafu kodi ya kutuma pesa. Baraza liliipitisha ikiwa asilimia 3.5 kwa wasio raia. Ikaja kushushwa mpaka asilimia 1, na imeanza kutozwa Januari 1 mwaka huu. Inampata anayelipa kwa pesa taslimu dirishani. Mimi ninayetuma kwa simu kutoka kwenye kadi ya benki hainigusi. Anayeguswa ni yule mama, asiye na benki, anayekwenda dukani na noti zake kumtumia dada yake. Msiniambie ni dola mbili kwenye mia mbili. Ukiwa umefanya usafi wa hoteli usiku kucha, dola mbili ni mkate wa asubuhi.

Hayo yote yalipita na sisi hatuna mtu wa kusimama ukumbini kusema hapana kwa jina letu.

Halafu wakatuongezea. Julai 7 Wizara ya Sheria ya Trump iliiandikia Texas barua kulalamikia majimbo manne ya uchaguzi: la 9, la 18, la 29 na la 33. Matatu kati ya hayo ni ya Houston. Jimbo letu likatajwa kwenye barua likiwa halina hata mbunge wa kuijibu! Trump alisema waziwazi anataka viti vitano zaidi kutoka Texas. Wabunge wa Democrat wa bunge la Texas lenyewe, lile la Austin linalochora mipaka, wakakimbilia Illinois ili akidi isitimie, wakakaa wiki mbili, wakarudi, ramani mpya ikapita, Abbott akaisaini Agosti 29. Kwa kawaida mipaka huchorwa baada ya sensa, kila miaka kumi. Hii imechorwa katikati kwa sababu mkubwa mmoja ameagiza. Novemba 18 majaji wa mahakama ya El Paso waliizuia kwa kura mbili dhidi ya moja, na aliyeandika hukumu ni jaji aliyeteuliwa na Trump mwenyewe. Nilipiga kelele nyumbani mpaka mtoto akaamka. Desemba 4 Mahakama ya Juu ikairuhusu ramani itumike.

Sasa oneni tunachofanyiwa. Januari 31 tutapiga kura kumpata mbunge wa jimbo la 18 kwa mipaka ya zamani. Machi 3, mwezi mmoja baadaye, ni kura za mchujo kwa mipaka mipya, na sehemu kubwa ya watu waliokuwa jimbo la 9 la Al Green sasa wako la 18, na majirani zetu wengine wametupwa kwingine. Al Green naye amekuja kugombea 18. Atakayeshinda tarehe 31 ataapishwa leo, kesho anaanza kupigania kiti kile kile dhidi ya mkongwe wa chama chake. Weusi wawili wa Houston wanagombanishwa kwenye kiti kimoja, na waliochora ramani wamekaa Austin wanatazama.

Na wasidhani ni Texas peke yake. Adelita Grijalva alichaguliwa Arizona Septemba 23 kukirithi kiti cha baba yake. Spika wa Baraza, Mike Johnson wa Republican, hakumwapisha mpaka Novemba 12. Wale wawili wa Republican wa Florida waliochaguliwa Aprili 1 aliwaapisha Aprili 2. Wiki saba kwa mmoja, usiku mmoja kwa wenzake.

Chama changu nacho sikiachi. Mimi ni Democrat na nitabaki huko, lakini wamenikera. Grijalva alitangaza kuwa na saratani, akagombea tena. Turner alikuwa ameshatibiwa saratani ya mfupa, na hata kugombea kwake hatukuulizwa: Jackson Lee alipofariki, wenyeviti wa vituo wa chama ndio waliokaa wakamchagua, kwa tofauti ya kura chache, badala ya Amanda Edwards aliyekuwa kijana zaidi. Nilimheshimu Turner, alikuwa meya mzuri wakati wa mafuriko ya kimbunga Harvey. Lakini viongozi walijua wanakwenda kupambana kwenye Baraza la kura moja moja, na bado wakapeleka watu ambao afya zao zilikuwa za mashaka. Ukimpa adui upenyo, atapita. Abbott alipita.

Ndiyo maana nasema yule kaka anyamaze kidogo. Watu wa Acres Homes hawakulala. Walipiga kura, kura ikazimwa. Vijana wanaokataa kwenda kujiandikisha nawasikia wakisema "inasaidia nini?" na kwa miezi kumi sijawa na jibu la kuwapa.

Nitakwenda Januari 31. Nitakwenda na Machi 3. Wenye kura zao Harris, ingieni kwenye tovuti ya kaunti leo muangalie mko jimbo gani kwa ramani mpya, maana nyumba ya mtaa wa pili inaweza kuwa jimbo jingine. Aliyeapa uraia juzi na hajajiandikisha, mwisho kwa ajili ya Machi 3 ni Februari 2, na Texas haimruhusu mtu kujiandikisha mara ya kwanza mtandaoni, ni fomu ya karatasi, ipelekwe kwa mkono au kwa posta. Fomu ninazo nyumbani bunda zima. Aliye kaskazini anitumie ujumbe nimpelekee jioni nikitoka kazini. Mwenye gari la viti saba na nafasi Jumamosi ile ya tarehe 31 aseme hapa chini, kuna wazee sita nimeshawaahidi usafiri na gari langu linabeba wanne.