Familia ya Makorora: nyumba ya Mama

*Kaka Mkubwa:* Shikamoo Mama, shikamoo Baba Mdogo. Fundi katoka hapa sasa hivi. Paa 4,100,000. Choo cha ndani 2,300,000. Jiko, yaani vigae na makabati, 3,200,000. Dari ya jipsamu nyumba nzima 1,800,000. Jumla 11,400,000.

*Mama:* Marahaba mwanangu

*Kitinda (Maskati):* Na mkononi tuna 4,700,000 😳

*Dada (Dar):* Kuna sehemu wanakopesha, fomu ninayo. Milioni 7, mwaka mmoja, riba 2% kwa mwezi. Tumalize vyote mara moja, vifaa vya ujenzi havingoji mtu

*Kaka Mkubwa:* 2% ya mkopo wote au ya deni linalobaki?

*Dada (Dar):* Ya mkopo wote, mwanzo hadi mwisho

*Kaka Mkubwa:* Basi riba 140,000 kila mwezi. Kwa mwaka 1,680,000, karibu jipsamu yote hiyo. Na marejesho ya 723,000 kwa mwezi nani atayabeba? Dada, mkataba wako si unaisha Juni?

*Dada (Dar):* Unaisha. Hawajasema kama wataongeza. Kusema kweli usingizi siupati

*Kitinda (Maskati):* Pole dada yangu. Na mimi msinihesabie kama zamani. Rial ya huku imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu 1986. Shilingi ilipopanda nusu ya pili ya 2025, rial zilezile zikaleta shilingi pungufu huko nyumbani. Mshahara haujasogea

*Baba Mdogo:* Wanangu, kipato cha kuonekana ni cha miezi michache, mkopo ni wa miezi 12. Uacheni. Paa ndilo lisilosubiri, masika ni Machi. Jana nilipanda juu mwenyewe. Kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, ni mninga wa marehemu kaka, nimezigonga moja moja, ngumu kama siku ya kwanza. Zilizooza ni papi, mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, za upande wa baharini, na bati lote limeliwa na chumvi. Kenchi zibaki, fundi atoe 600,000 ya mbao. Ila bati liwe geji 28. 30 ni jembamba, kwetu pwani halikai

*Dada (Dar):* Paa sawa. Lakini nilitamani Mama apate jiko zuri, sikukuu zile anavyohangaika na wageni

*Kaka Mkubwa:* Mama upo? Hujasema neno

*Mama:* 🎤 0:41

*Dada (Dar):* Niko kazini siwezi kusikiliza, kasemaje?

*Kaka Mkubwa:* Anasema jiko halimsumbui, uani anapika vizuri. Kinachomsumbua ni usiku. Mvua ikinyesha anavuka uani na tochi kwenda chooni, na goti lile. Wiki iliyopita aliteleza pale karoni, akawahi ukuta. Hakutuambia kwa sababu alituona tunavyofurahia vigae

*Dada (Dar):* Jamani Mama wangu 😭

*Dada (Dar):* Futa jiko. Futa jipsamu. Fomu naichana

*Kitinda (Maskati):* Paa na choo

*Kaka Mkubwa:* Paa 3,500,000 na choo 2,300,000. 5,800,000. Tumepungukiwa 1,100,000

*Baba Mdogo:* Kwenye choo kaweka shimo jipya?

*Kaka Mkubwa:* Ndiyo, 800,000

*Baba Mdogo:* La nini? La uani lilichimbwa 2019, bado zima, ni hatua sita toka chumba cha shemeji. Bomba la inchi 4, mteremko wake uwe sawasawa, basi. Nitasimamia mwenyewe

*Kaka Mkubwa:* Basi tumepungukiwa 300,000 tu

*Kitinda (Maskati):* 150,000 zangu, jioni hii

*Dada (Dar):* 150,000 nyingine kwangu

*Mama:* nina hisa za kikoba jamani nichukue

*Dada (Dar):* Hapana Mama, hizo ziache hukohuko. Nikikosa kazi Juni nitakuja kukukopa wewe ❤️

*Kaka Mkubwa:* Fundi anaanza Jumatatu. Mama, wiki hiyo ulale kwa shangazi?

*Mama:* sihami mimi. waanze upande wa baharini nitalala sebuleni. mafundi nitawapikia