Ushauri: Rafiki anataka nimkopeshe, ana kitu cha kuweka rehani

Mlinzi_Lindoni (Februari 2016)
Wakuu, heshima kwenu. Niko Erbil, Kurdistani ya Iraki, kazi ya ulinzi. Kuna jamaa yangu Peshmerga, yaani askari wa Wakurdi, baba wa watoto, kila jioni tunakunywa chai. Miezi minne sasa hajaona mshahara. Anaomba dola 600, anaweka kitu rehani. Usingizi sipati. Nimpe?

Bi_Mswafi
Shemeji nilimkopesha laki tatu za pikipiki. Pikipiki inapita mlangoni kila siku, hela sijaiona tangu Idi. Usimpe.

Kinyozi_Tandika
Kumbe huko wanachukua walinzi? Wakala gani? Njoo PM.

MzeeWaHoja
Kitu gani hicho mbona hukitaji?

Mlinzi_Lindoni
Chuma tu, mkuu.

MzeeWaHoja
Chuma cha nondo au cha moto?

Mlinzi_Lindoni
Haya, bastola. P1, ubavuni imechongwa "Bw". Si ya wizi, alipewa kazini. Na 300 nimeshampa, kwa hiyo nishaurini namna ya kumalizia.

MzeeWaHoja
Bw ni Bundeswehr, jeshi la Ujerumani. Daesh (ISIS) walipoteka Mosul na kuwachinja Wayazidi, watu wa dini ndogo, kule Sinjar 2014, Berlin iliwafungulia Peshmerga ghala: bastola P1 8,000, bunduki G3 8,000, G36 8,000, makombora ya Milan ya kulipua vifaru 500. Bunduki zikafika, mishahara haikufika. Mafuta yameshuka bei, Baghdad imekata fungu, sasa mtu ana silaha ya Ulaya na ndani hana unga. Mwezi uliopita wanahabari wa Kijerumani wamezikuta sokoni hapo hapo Erbil, na Sulaymaniyah. Zina namba hizo. Mgeni ukidakwa nayo utasema uliokota?

Mwana_Kasulu
Sisi vita vya Burundi vilipochacha, bunduki zilivuka mpaka zenyewe. Mwenye vita alisharudi kwao, huku mabasi bado yanasindikizwa na polisi.

Sauti_ya_Tanga
Tuwe wakweli, Daesh walikuwa wanakuja na malori ya mabomu. Bila Milan yangesimamishwa na nini, mawe?

MzeeWaHoja
Sikatai. Ila vyama vya Wakurdi, KDP na PUK, walishapigana wao kwa wao miaka ya 90, na kila chama bado kina askari wake. Daesh akiondoka, mtutu utaelekea wapi?

Dada_Kipepeo
Ngoja kwanza. Mlinzi, si wewe Desemba ulikuwa Doha unatafuta mchumba? Na huyo Mkurdi mnaelewana kwa lugha gani mpaka kufika kwenye rehani? Chai mnakunywa huko, nyingine unatuletea sisi.

Mlinzi_Lindoni
Doha nilikuwa napita! Kiarabu cha kuokoteza tunaelewana. Anayeona ni chai aache kusoma. Na bastola sitaitumia, nitaifungia sandukuni tu hadi alipe.

Bi_Mswafi
Sanduku la nani, la mwajiri?

Mlinzi_Lindoni
Yuko getini. Narudi.

Kinyozi_Tandika
Mkuu, PM hujajibu. Wakala gani?