Naomba ushauri: amotisa (shokapu) za moto, yaani pikipiki, kwenye mawe ya volkano

Habari zenu wakubwa na ndugu mafundi. Niko Goma, nabeba watu kwa moto ya 125, Ndosho mpaka Birere, siku zingine hadi Sake. Barabara za ndani ni mawe ya volkano matupu, meusi na makali. Nikiwa na abiria na mzigo, nyuma inagonga chini kabisa. Nikishika breki kwenye mteremko, mbele inazama na usukani unacheza.

Nyuma nilizungusha pete ya kukaza springi kutoka hatua ya 2 hadi ya 4, pande zote mbili sawa. Kwa abiria ikawa afadhali, lakini nikiwa peke yangu inanirusha sana. Mbele, mguu wa kushoto wa amotisa unavuja: asubuhi napangusa bomba kwa kitambaa, ikifika saa sita kuna duara jeusi la mafuta limeshika vumbi. Sili (mpira wa kuzuia mafuta) imekufa, hilo sibishani, nitabadilisha zote mbili.

Sasa nikishafungua, nirudishe mafuta ya 10W au niweke 15W, yaliyo mazito zaidi? Najua mazito yanapunguza kasi ya kuzama na kurudi, ila naogopa tairi isije ikaruka juu ya mawe badala ya kushika. Fundi mmoja ananishauri nikate kipande cha bomba la plastiki nikiweke juu ya springi ili ikazwe. Kuna aliyefanya hivyo akabeba watu? Abiria wangu wengi ni mama wa soko wenye watoto mgongoni, sitaki kujaribia kwao.

Na nyuma, ninunue amotisa zenye springi nene zaidi?